Mwendo Alionionyesha Madame Jana

Jumatatu, 4 Machi
Kutoka shuleni hadi hospitali, moja kwa moja. Sijala. Madame Jana, yule Mcheki anayewafundisha wagonjwa kutembea tena, hajui Kiswahili wala Lingala. Kifaransa chake ni cha kusalimia tu. Ana Kiingereza kidogo, na mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Basi anasema, mimi namgeuzia mke wangu, Zaina, kwa Kiswahili. Leo Zaina alisimama kati ya zile mbao mbili za kushikilia. Mguu hakuuinua. Ndivyo alivyo tangu lori lilipopinduka njia ya Bafwasende, yeye juu na magunia yake ya chumvi.

Jumatano, 6 Machi
Kiingereza kikimpotea, Madame anasema Kicheki na kuigiza. Stagger, vrávorat: akapepesuka kama mlevi. Shuffle, šourat se: akaburuta viatu sakafuni. Nikampa ya kwetu, kupepesuka, kujikokota. Wagonjwa walicheka sana. Zaina hakucheka.

Jumamosi, 9 Machi
Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya serikali. Tumefyeka majani kando ya barabara mpaka jua kali, mwakilishi wa chama akitusimamia kivulini. Viganja vimechubuka. Nimechelewa hospitali. Zaina alijaribu peke yake, akaanguka. Hataki kusema nami. Ana haki.

Jumanne, 12 Machi
Madame anarudi kwao wiki ijayo. Leo alisema mfupa umeungana vibaya. Zaina atatembea, lakini ata-limp. Siku zote. Nilinyamaza, akadhani sijui neno. "Kulhat," akasema, akavuka chumba bega moja likishuka kila hatua.

Zaina akauliza amesema nini. Nikajibu: anasema utatembea.

"Papa Amina, mie niko na macho. Nimeona vile anatembea. Sema yote."

Nikasema. Kuchechemea, maisha yote.

"Na lori? Nani atapanda lori?"

Akageukia ukuta. Ni yeye aliyekuwa akitulisha, si chaki yangu.

Jumatano, 13 Machi
Darasani, vitenzi vya mwendo. Nilipofika limp nikafuta ubao. Nikawapa imla. Nimechoka na maneno.

Alhamisi, 14 Machi
Nimefika, nimemkuta Zaina kati ya mbao, jasho linamtiririka. Hakuningoja.

"Kulhat. Bon. Tuanze," akamwambia Madame.

Akaenda mpaka mlangoni. Akarudi. Uso umekunjamana kwa maumivu, lakini akarudi. Hakuna aliyeniomba kugeuza chochote. Nilisimama na mkoba wangu kama mgeni. Nilifurahi. Niliona wivu pia.

Jumanne, 19 Machi
Madame Jana amepanda ndege. Zaina alimshika mikono miwili, hakuna lugha iliyohitajika. Jioni nimemleta nyumbani kwa pusupusu, nikivuta mwenyewe mkokoteni huo. Majirani walitoka kutazama. Aibu yake nimeihisi mgongoni.

Ijumaa, 22 Machi
Hakutoka nje. Hakula. Anasema binti yetu Amina abaki kwanza kwa bibi yake huko Yanonge, mtoto asimwone hivi. Tumegombana. Nimelala kwenye kiti.

Jumapili, 31 Machi
Asubuhi amevaa kitenge, akasema anakwenda sokoni kutafuta pahali pa kuuzia chumvi, hapa hapa mjini. Nikasema nitamsindikiza. Nikatembea nyuma yake, mikono tayari, asije akaanguka.

Akasimama njiani.

"Tangulia. Unanichokesha na kunitazama."

Nikatangulia. Sikugeuka. Nyuma yangu kandambili zake, moja nzito, moja nyepesi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ina matope. Tulifika.