Kiti cha Kushoto

Baba,

Gari limewaka. Nimeona nikuambie hilo kwanza, kabla ya salamu, maana hata ulipolazwa hospitali kule Gitega ulikuwa unaniuliza habari za Shangazi kabla ya habari za Mama. Betri ilikuwa imekufa tangu mazishi. Nikavisafisha vichwa vyake kwa maji ya moto kama ulivyonifundisha, nikazungusha ufunguo, akakohoa, akanung'unika, akawaka. Ndiyo sababu ulimpa jina la Shangazi, hafanyi jambo lolote bila kulalamika kwanza. Nilikaa ndani yake nikalia, na yeye ananguruma tu.

Duka nimelifungua tena. Watu wanaingia, wanaangalia kiti chako, wanasahau walicholeta. Simu natengeneza. Redio zimelala kwenye rafu kwa sababu redio zilikuwa zako, na sijapata moyo wa kuzifungua. Nyumbani Gishubi hakuna tena mtu wa kukaa mlangoni akitambua gari kwa sauti kabla halijatokea kwenye kona. Juzi lilipita moja likikwamakwama, nikajikuta nasema, "Plagi moja imekufa hiyo." Ni maneno yako, hata sauti ilikuwa yako. Mama akaacha kupepeta maharagwe, akaingia ndani.

Halafu kuna Baba mdogo Salvatori. Anataka Shangazi auzwe, au angalau usukani uhamishiwe kushoto. Hana ubaya, Baba, anaogopa tu. Anasema gari la usukani wa kulia, katika nchi ambayo watu wanaendesha upande wa kulia, halifai kwa mtu anayesafiri peke yake. Na kusema kweli, hakosei. Ukiwa nyuma ya lori unaona lori basi. Anayeiona barabara ni yule wa kiti cha kushoto.

Unakumbuka siku tuliyomleta Shangazi kutoka Tanzania? Ulivuka mpaka unaimba, umevaa koti lako la kijivu, ndani ya gari lako la kwanza maishani, ukaingia Burundi ukashika kushoto kama vile bado uko Kasulu. Yule mtu wa baiskeli, na ndizi zake zimempita kichwa, akasimama mbele yetu akapaza sauti, "Mzee, umesharudi nyumbani! Hamia huku!" Ulicheka mpaka ukazima gari. Kisha ukanigeukia ukasema, "Eva, kuanzia leo wewe ndiye macho yangu."

Nilikuwa bado msichana wa shule. Nilichungulia, nikasema "bado," ukasubiri. Nikasema "twende," ukaenda. Hukuniuliza hata siku moja kama nina hakika. Sijui kama uliwahi kufikiri hilo lilikuwa na maana gani kwangu, kuona baba mzima anakanyaga mafuta kwa neno langu. Mguu ulipoanza kukusumbua tukabadilishana viti, ikawa zamu yako kusema na yangu kuamini. Na Mama nyuma, rozari mkononi, macho yamefungwa kutoka Gitega mpaka Muyinga. "Mama Eva, fungua macho uione nchi yako," ulikuwa unamtania. Hakufungua.

Sasa sikiliza, hili lingekufurahisha. Nilitaka kumnyamazisha Baba mdogo. Nikachukua kamera ndogo, zile za kusaidia gari kurudi nyuma, nikaifunga chini ya kioo cha pembeni cha kushoto, ikitazama mbele, waya nikaupitisha kwenye mpira wa mlango, na skrini nikaibandika karibu na redio. Nikawasha, barabara yote ikatokea imegeuka! Magari yanakuja upande usio wao, kama wewe siku ile ya mpakani. Kumbe kamera hizo zinageuza picha makusudi, kulia inakuwa kushoto, na ukikata kijiwaya kimoja inarudi sawa. Nilikata nikicheka peke yangu, nikainua kichwa nikuonyeshe.

Basi, nikaenda Muyinga peke yangu kufuata vipuri. Kabla ya Karuzi nikakwama nyuma ya lori la saruji, linapanda mlima kwa shida. Nikaangalia skrini. Barabara nyeupe, hakuna kitu. Nikapita.

Salama kabisa. Mbele kidogo nikasimama pembeni, nikamzima Shangazi. Baba, kamera ilifanya kazi, na hilo ndilo lililoniumiza. Kitu kizuri cha kwanza nilichotengeneza bila wewe, na kazi yake ni kunionyesha kwamba naweza kwenda bila wewe. Sikutaka kujua. Ningefurahi zaidi kama kingeungua.

Muyinga nilimkuta Papa Bahati, yule Mkongo wetu wa vifaa vya mitumba, kwenye banda lake. Alipoona Shangazi alikuja mbio na kitu amekikumbatia, akapitiliza mpaka mlango wa kushoto, akaufungua. Akaangalia kiti.

"Mzee iko wapi? Mi niko namuchungia radio yake tangu kitambo."

Alikuwa amekutunzia redio ya masafa mafupi kama ile yako ya kambini Kasulu, tulipokuwa wakimbizi, ile uliyoitafuta miaka yote. Sikuwa nimejiandaa. Nilidhani kila mtu anajua, kama vile habari yako ingetembea yenyewe barabarani. Nikasema, "Hayupo, Papa Bahati." Akauliza utakuja lini. Nikatikisa kichwa, naye akaelewa. Akakaa kwenye kiti chako, miguu nje, redio mapajani, akaanza kuifuta vumbi kwa shati lake, anafuta mahali pale pale.

"Pole, binti yangu," alisema mwishowe. "Huyu mzee alikuwa ananichekesha sana. Na zile filme zake!"

Kumbe hata yeye ulimsimulia! Zile sinema za Kichina ulizokuwa unatuonyesha kambini kwa betri ya gari, ukizitafsiri kwa sauti kubwa wala hujui neno la Kichina. Kila sinema yako, hata ya mapigano, ilimalizika kwa watu kurudi kwao. Adui kaanguka chini, anatoka damu, na wewe unasema, "Anamwambia: ndugu, nisalimie kijijini." Watu wazima walikuwa wanalia. Safari hii nililia mimi, sokoni Muyinga, mbele ya wauza viatu, na Papa Bahati akaniachia ile redio kwenye kiti chako.

Bado jambo moja, halafu nikuache upumzike.

Jumapili ilikuwa misa yako Gitega. Nilimleta Shangazi mbele ya nyumba. Mama akatoka amevaa kile kitenge unachokipenda, akafungua mlango wa nyuma kama kawaida yake. Akasimama. Akaufunga. Akazunguka, akakaa mbele, kushoto. Akaiangalia ile skrini kama anavyowaangalia wageni wasiopiga hodi.

"Zima hicho," akasema.

Nikazima. Njiani tukakutana na lori la mkaa. Nikapunguza mwendo, nikasema moyoni tutalifuata hivi hivi mpaka mjini, si kitu. Mama akanyoosha shingo, rozari ameikunja kwenye ngumi. Macho wazi, Baba. Wazi kabisa.

"Bado," akasema. "Bado, mwanangu... bado..."

Nikasubiri.

"Twende!"

Nikaenda. Ilikuwa ni vile vile unavyolisema wewe, na ule mvuto wa mwishoni. Miaka yote ile amefumba macho nyuma yetu, kumbe anasikiliza. Tulipomaliza kulipita akalia kwa kwikwi, lakini hakuacha kuangalia barabara.

Nimemwambia Baba mdogo hapana. Shangazi hauzwi. Kamera nitaiwasha siku nikiwa peke yangu, na redio ya Papa Bahati nitaifungua, hata kama mikono yangu haijui, na itakaposhika stesheni ya kwanza nitaiweka mlangoni, pale unapokaa.

Lala sasa, Baba. Lala salama, mguu haukuumi tena. Nakuahidi usukani utabaki kulia, ili pawe na mtu pembeni yangu wa kuniambia bado.

Mimi, macho yako,
Eva