Nani Anaijaza Diski C?

Jumatatu, vumbi tupu. Upepo umeanza kabla ya jua, na mimi nimeamka nimenuna.

Nimewasha seva, diski C nyekundu tena. Ijumaa niliisafisha mwenyewe: faili za muda, masasisho ya zamani, pipa la taka, vyote nikavifuta, ikapata kupumua. Leo imejaa hadi shingoni. Na hiyo ndiyo diski yenye mfumo wenyewe. Ikijaa kabisa, mashine inagoma kuwaka.

Kuna mtu anaijaza.

Wenye ufunguo wa chumba hiki cha nyuma, hapa nyumbani kwetu Isevya, ni wawili tu: mimi na Ami Saidi, mdogo wake marehemu baba. Yeye ndiye anayezunguka na kinasa sauti, mara Kigwa, mara Kaliua, popote penye mzee anayekumbuka alivyohamishiwa kijiji cha ujamaa. Mimi nazitunza hizo sauti kwenye diski D. Wengi wa wazee hao tumeshawazika, bibi yangu, mama yake Ami, akiwemo. Sauti zikipotea, hakuna wa kumwendea tena.

Basi siku hizi namtazama Ami kwa jicho la pembeni. Nikiingia tu, anafunga alichokuwa akikitazama kwenye kompyuta. "Shikamoo Ami." "Marahaba mwanangu, mbona mapema?" Mbona mapema! Tangu lini mapema yangu ikamkera? Nimewaza yote: video za harusi anazorekodi kwa siri, filamu, hata mambo ya aibu, Mungu anisamehe.

Leo alipotoka kwenda kununua vitumbua, nimepekua. Ndiyo, nimepekua, na sioni haya.

Nimeikuta folda imefichwa ndani kabisa ya faili za mfumo, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hagusi. Nikaifungua. Sauti za wazee. Zote! Kila kilichoko D amekinakili na kukirundika C.

Alivyorudi nikamvaa hata kabla hajakaa. "Ami, unaniulia mashine! Kwa nini lakini?"

Hakukataa. Kumbe ni maneno yangu mwenyewe ya wiki iliyopita. Nilimweleza kwamba C na D ni vipande vya diski moja, na C haiwezi kupanuliwa bila kuiondoa D iliyo jirani yake. Sauti tunazihamishia kwenye diski ya nje, D tunaifuta, C inachukua sehemu ya nafasi yake, kisha tunazirejesha sauti kwenye nafasi itakayobaki. Kazi ya kawaida, kila mtu anafanya hivyo.

"Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo mwaka wa operesheni ya vijiji," akasema taratibu. "Tangulieni, vyombo vitafuata na lori. Mama akaacha mahindi ghalani, akaacha mitungi, akaacha na mlango wa babu uliotoka Unguja. Alipopata nafasi ya kurudi kuangalia, nyumba imeshaungua. Mimi nilikuwa mdogo, nimemshika kanga."

Nikamwambia Ami, hii ni kompyuta, hakuna anayemhamisha mtu. Nikambembeleza. Nikamkaripia kidogo pia, ingawa ni mkubwa wangu. Mwishowe akashusha pumzi. "Haya mwanangu. Futa zangu. Nakuamini wewe."

Nikazifuta, nikamwaga na pipa la taka. C ikarudi kijani. Ami akaenda kuswali alasiri.

Nikabaki na D, ambayo sauti zake nilishazinakili kwenye diski ya nje. Kilichobaki ni kubofya mara moja tu. Sijui kwa nini, nikatamani kumsikia bibi kwanza, kutoka kwenye ile diski ya nje. Akaanza vizuri, na kikohozi chake kile kile, anasimulia asubuhi waliyotolewa Kigwa. "Nikamwambia yule bwana, ngoja kwanza nichukue..."

Kimya.

Nikarudisha nyuma. Kimya pale pale. Nikatafuta za wazee wengine wa Kigwa waliomfuata bibi. Hazimo.

Loo! Jumamosi, nikiwa katikati ya kunakili, umeme ulianza kucheza. Hapa kwetu taa ikipepesa tu, unachomoa kila kitu kabla hakijaungua: friji, redio, chaji ya simu. Mikono inakwenda yenyewe. Nilichomoa na waya wa diski ya nje. Umeme ulipotulia nikaiona folda ya Kigwa ipo, jina lake hilo hapo, nikajua imekwisha. Nikaendelea na ya Kaliua. Sikuifungua kuangalia.

Mimi! Ninayepekua watu!

Ami akarudi msikitini. "Tayari?"

"Bado, Ami."

"Lakini vitu vipo?"

"Vipo."

Sikusema uongo. Vipo, D peke yake, na za kwake nimezifuta kwa mkono wangu huu. Akaenda zake nyumbani ametulia. Wiki nzima sijamwona akitembea vile.

D sijaigusa. Nimekaa hapa nakiogopa hata kipanya cha kompyuta.

Kesho, kabla hajavua viatu, nitamwambia. Kisha nitampisha kiti changu, anakili mwenyewe, popote anapotaka, asikilize kila sauti hadi mwisho. Na nisubiri aniambie tena kwamba naweza kufuta.

Ataniambia?