Sili za Gari la Mama Theresia

Jumatano, Agosti 1996

Limewaka! Nilishaanza kuogopa kwamba nimeliua gari la Mama Theresia, mkunga wetu wa Lumemo, ambalo ndilo linalobeba wajawazito kwenda hospitali.

Injini yake haina pistoni. Ina rota ya pembe tatu inayozunguka, na kila pembe ina sili ya chuma ya kuzuia mgandamizo usivuje. Za zamani zililika. Mpya nilizoagiza Dar zilikuwa nyembamba, zikawa zinacheza ndani ya mifereji ya rota zinamokaa.

Athumani wa duka la spea aliniambia, "Fundi, weka hivyo hivyo. Nani atafungua aangalie?"

Nikakataa, nikaagiza nene. Wiki mbili za kungoja, na katikati yake mama mmoja akapelekwa kujifungua kwa baiskeli. Alifika salama, lakini siku ile sikula.

Leo zimeingia, zimetulia. Mama Theresia akapiga stata mwenyewe, injini ikanguruma.

"Shikamoo, Mama," nikasema. Kwa hofu nilikuwa nimesahau hata kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu huku akicheka.

Sijui zitadumu kiasi gani. Ila jioni hii amepita mbele ya gereji, amembeba mjamzito aliyesindikizwa na mama yake. Hakusimama, alipiga honi tu, akakata kona ya hospitali.