Kitambaa Chekundu cha Eggert

Eckernförde,
17 Novemba 1918

Mpendwa Mama Mdogo Wiebke,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Hujambo huko Basel? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii, na mkate mnapata wa kueleweka? Mimi ni mzima, ingawa nguo zote zinanipwaya. Baba naye ni mzima wa mwili. Habari za Mama ni nzito, Mama Mdogo. Naomba ukae kitako kabla ya kuendelea kusoma.

Vita vimekwisha. Jumatatu tuliambiwa mapigano yamesimamishwa, na hakuna aliyeshangilia. Hata kengele haikulia, maana ya kanisani kwetu iliyeyushwa mwaka jana kutengenezea mizinga. Tulikuwa kwenye foleni ya viazi. Bibi mmoja akauliza, "Kwa hiyo tumeshinda?" Akajibiwa, "Tumeshinda na njaa, bibi. Sogea mbele."

Baba hakukubali. Miaka mingi alichochea makaa katika meli za Kaizari, na aliposikia Kaizari amekimbilia Uholanzi alisema ni uzushi wa magazeti. Bendera ya zamani ikabaki dirishani kwetu. Mitaani walijaa mabaharia wa Kiel, wale waliowaasi maofisa wao, kila mmoja na kitambaa chekundu mkononi.

Kaka Eggert ni mmoja wao. Mama alikuwa kitandani kwa homa hii inayopita nyumba hadi nyumba, na alikuwa akimuulizia yeye tu. Nikamtumia habari, akaja Jumatano mchana. Baba akamzuia mlangoni.

"Kivue hicho kitambaa ndiyo uingie."

"Sikivui, Baba. Kuna wenzangu wamepigwa risasi kwa ajili yake."

"Basi kaa huko huko nje. Nyumba yangu si meli ya waasi."

"Mzee, meli zenyewe tumeshazichukua. Umebaki na hili dirisha tu."

Niliwasihi, nikawavuta mikono, mwisho nikawaita wapumbavu wote wawili. Nani wa kunisikiliza? Nikarudi juu kwa Mama nikilia kwa hasira.

Nilimkuta macho, anatabasamu. "Amefika," akasema. "Wasikie wanavyogombana. Kama zamani." Akaniomba nifungue dirisha kidogo awasikie vizuri. Nikafungua. Akafumba macho, akawasikiliza mpaka pumzi ikamwishia.

Niliposhuka kuwaambia, walikuwa bado wanabishana.

Tulimzika Ijumaa. Eggert alikuja bila kitambaa, na Baba alikuwa ameishusha bendera asubuhi, bila kuombwa na mtu. Siwezi kuwasamehe, Mama Mdogo, na sina wengine. Sasa wanakaa jikoni wanatazamana, hawana tena la kugombania. Ningetoa chochote niwasikie wakifokeana.

Nisalimie Baba Mdogo Reto, na umbusu Annelie kwa niaba yangu. Mungu awalinde na homa hii, isije ikabisha hodi kwenu.

Mtoto wa dada yako, akupendaye,
Telse