Harufu ya Usafi

Dada yangu,

Sisi hatujambo, ila kikohozi. Mapazia uliyotuma yamelitosha dirisha la sebuleni, na binti yako ameshayageuza gauni la harusi.

Kuogelea amewapita wenzake wote, na mimi mwalimu wake naringa. Ila hili bwawa letu la ndani! Ile harufu kali ambayo wazazi wanaisifu, "Hapa pasafi kweli," si usafi, dada. Ni dawa ya maji ikikutana na jasho na mikojo ya watoto, inageuka hewa ya kuchoma kifua. Nimemwomba meneja abadilishe maji na afungue madirisha. Amecheka: "Harufu ikiisha, wateja watasema tunabania dawa." Akaongeza nyingine.

Daktari aliyempima mwanao aliniuliza nani anavuta sigara nyumbani. Hakuna anayevuta. Nikimtoa bwawani, analia. Nikiacha kazi, tutakula nini? Na wewe kila ukipiga simu unauliza mashindano ni lini.

Jana tulirudi kifua chake kikilia kama filimbi. Akaniinamishia kichwa: "Mama mdogo, ninuse nywele. Si nanukia usafi?"

Nikamwambia ndiyo.

Mdogo wako