Kwa Mwalimu Aliyenifundisha Kupepea Karatasi

Mpendwa mwalimu wangu,

Usishtuke kwa hilo neno mpendwa. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kazi ya chapa huanzwa kwa adabu hata kama mteja humpendi. Tena si uongo mtupu. Kuna wakati nilikupenda kuliko ndugu zangu wa kuzaliwa, na ndiyo maana chuki yangu imekaa miaka yote hii bila kupoa.

Binti yako alifika Garissa juma lililopita. Alinikuta kwenye karakana yangu ya chapa, nikampa chai, akanieleza kwamba unaumwa na kwamba kabla hujaondoka duniani unataka nitamke neno moja tu, nimesamehe. Nilimuuliza nisamehe nini. Akajibu, "Baba ameniambia afande hakuelewa Kiswahili chako. Yalikuwa mambo ya lugha tu." Mwalimu, nilitoka nje nikasimama juani.

Mambo ya lugha? Haya, tukumbushane.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya shifta, serikali ikipigana na waliotaka eneo letu lijitenge, katika kile chumba cha mabati nyuma ya ofisi za serikali. Wewe ulikuwa umeletwa na mashine yako kutoka Kenya, kama tulivyoziita sehemu nyingine za nchi sisi wa huku enzi hizo, utadhani sisi tulikuwa tunaishi mwezini. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nimewaacha ng'ombe wa baba yangu Ijara nikitafuta kazi ya kivulini. Tulichapa pasi za kusafiri. Bila ile karatasi ya kijani hakuna aliyeweza kuvusha hata mbuzi mmoja kwenda sokoni.

"Hii mashine ina adabu zake za kula," uliniambia siku ya kwanza. "Inakula karatasi moja moja. Ukiilisha mbili kwa mpigo, inatuaibisha." Ukanionyesha jinsi meza inavyolipandisha bunda la karatasi polepole, jinsi upepo unavyopulizwa ubavuni kulilegeza, na vile vikombe vya mpira vinavyoshuka kuinyonya karatasi ya juu kabisa na kuipokeza kwenye meno ya chuma, nayo yakaipeleka kwenye wino. Upande wa pili vibao viwili vilizipigapiga mbavuni hadi zikajipanga rundo lililonyooka, kama safu ya watu wanaoswali. Ningeweza kuitazama kazi ile tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Shida yetu ilikuwa hewa ya Garissa. Ukavu wa huku hufanya karatasi zing'ang'aniane. Zikinyonywa mbili pamoja, ya juu hupata maandishi, ya chini hupita tupu na kujificha rundoni. Dawa yake ni kupepea: unalishika bunda ncha mbili, unalipinda, unaliachia, hewa inaingia katikati ya kila karatasi. Nilipepea mabunda yote kila asubuhi kabla hujawasha mashine. Ila ulimi wangu wa Kisomali haukuwa na herufi p.

"Mwalimu, nimebebea zote," nilikuambia, nawe ukacheka mpaka ukashika meza.

"Warya, wewe bwana! Karatasi si mtoto, haibebwi mgongoni. Sema pepea."

"Bebea."

"Pe-pe-a!"

"Si ndiyo nasema, be-be-a!"

Tulicheka wote wawili. Uliwahadithia hata makarani wa ofisini, wakawa wananiuliza kila nikipita kama watoto wangu wa karatasi wamelala. Nami nilifurahi, nikidhani utani ni dalili ya mapenzi.

Palikuwa pia na kile kidole cha chuma kinachopima unene. Zikija karatasi mbili, kinaisimamisha mashine. Wakubwa walikuwa wanadai pasi zao kila siku, mashine inasimama kila mara, ukachoka, ukakifunga kwa waya kisiguse kitu. Nilikuuliza kama si hatari. "Wewe lisha tu," ulisema. "Mambo ya mashine niachie mimi." Nikakuachia. Mabunda ukayafunga kamba na kuyapeleka ofisini kwa mikono yako, bila kuyapekua.

Kisha askari wakamkamata mtu njiani akiwa na karatasi nne za kijani zisizo na maandishi, za kujiandikia mtu apendavyo. Yule afande alikuja kwetu asubuhi hiyo hiyo. Mimi nilifungwa mikono nyuma kabla ya swali la kwanza. Wewe hukufungwa.

"Nani anashika karatasi kabla hazijachapwa?"

"Ni mimi, afande."

"Unazifanyia nini?"

"Nabebea, afande. Nabebea zote, kila asubuhi."

"Unazibeba? Unambebea nani?"

"Nabebea mashine, afande."

Alidhani namdhihaki. Kofi lake bado nalisikia. Kama mikono ingekuwa wazi ningelichukua bunda lililokuwa mezani nikamwonyesha, na mambo yangekwisha pale pale. Nilikugeukia wewe. Nilisema, "Mwalimu, mwambie. Wallahi, mwambie tu."

Ulivua kofia yako ukaifuta vumbi. Ukatazama waya wako, ukatazama chini. Katika chumba kile wewe peke yako ulijua neno lile lina maana gani, na ungelieleza, swali lililofuata lingekuwa la waya. Kwa hiyo hukulieleza. Afande akaandika kwamba nimekiri.

Nilikaa ndani miezi kumi na saba. Ya huko sitakusimulia, ila nitakusimulia ya mama. Serikali ilimhamishia kwenye kijiji kilichozungushiwa uzio pamoja na wengine, na kila siku alikwenda langoni kumuuliza askari wa zamu kama mwanawe ametoka. Alikufa kabla sijatoka. Waliomzika walinong'ona kwamba ndiye mama wa yule mwizi wa pasi, maana tangu siku ile kila mwenye karatasi ya kijani alitiliwa shaka, na mifugo ya watu ikazuiliwa njiani hadi ikafa kiu. Jina hilo ninalo mpaka leo. Mjukuu wangu ametaniwa nalo shuleni, akaja kuniuliza kama ni kweli niliiba.

Afande hakuelewa, sawa. Naye sina neno. Wewe ulielewa, mwalimu, na ndiyo maana sikusamehe. Najua dini yangu inavyousifu msamaha na najua thawabu ninayoikosa. Binti yako ni mpole, na alipokuwa akiaga nilimwonea huruma sana, lakini huruma hiyo haikufika kwako. Nilimwambia jibu litakuja kwa maandishi.

Jibu ndilo hili. Nimelichapa mwenyewe, nakala za kuwatosha watu wote wa kanisa lako, ambako nasikia wewe ni mzee wa kanisa, hukosi ibada hata sasa unapoumwa, na watu husimama ukiingia. Kijana wa basi atazishusha mlangoni Jumapili kabla ya ibada. Nyingine nimezibandika hapa Garissa, sokoni na nje ya msikiti, wazisome waliomzika mama yangu. Hii yako imetangulia ili usije ukasema hukuarifiwa.

Jumapili watasoma, kisha watageuka wakutazame. Binti yako atakuwa karibu nawe, naye atakuuliza kama ni kweli. Kama nimesema uongo, simama ukanushe mbele yao. Kama nimesema kweli, simama uitamke kwa mdomo wako. Au kaa kimya, mwalimu, kama ulivyozoea, na safari hii kila mtu atakuelewa.

Kwaheri ya kutoonana.

Ni mimi,
mwanafunzi wako.