Usiifute Ile Kadi

Sumbawanga Mjini

Kwa mdogo wangu Kasiani,

Hujambo? Mama mfikishie shikamoo yangu, na uniambie mguu wake unaendeleaje. Hapo Wampembe ziwa linatoa dagaa? Mimi mwili ni mzima, ila nimejaa hasira hadi kooni, na hasira yenyewe ni yako wewe. Naandika kwa sababu kila nikiazima simu ya watu nikakupigia, ukisikia sauti yangu unakata. Barua hii nampa dereva wa gari la dagaa akuwekee mkononi.

Ile simu uliyonipa nilipokuja nyumbani Pasaka ni ya wizi. Nilikuuliza boksi liko wapi, risiti iko wapi, ukanijibu, "Dada, we tumia tu, mambo ya risiti ni ya watu wa mjini." Haya, watu wa mjini wamenifuata. Polisi wawili waliingia mashineni ninakosagia watu mahindi, wateja wamepanga foleni na ndoo zao, wakaniita kwa majina yangu yote matatu. Laini nimeisajili kwa kidole changu, Kasiani! Kuna aliyeiba, kuna aliyeuza, wewe ukanunua, lakini aliyeonekana ni mimi. Nililala mahabusu, mimi mhazini wa jumuiya ninayeshika sadaka za watu. Bosi wangu alinidhamini, ila ufunguo wa droo ya pesa amenipokonya. Heri angenitukana.

Mwenye simu ni Mama Oresta, mjane wa kijiji cha Mollo, mkulima wa ulezi. Wezi waliichomoa sokoni akiwapimia wateja. Alikuja kituoni na boksi lake, namba zikalingana. Nilidhani atanirukia. Akaishika simu, akaifungua kifuniko cha nyuma, akakaa sakafuni.

"Mwanangu, memori kadi iko wapi? Sauti ya baba yao imo humo."

Mumewe alipozidiwa na ugonjwa, mama huyu alimrekodi akiwaaga watoto, akiwataja mmoja mmoja kwa Kifipa, hadi wa mwisho aliyekuwa bado tumboni. Huyo ni binti, na mwaka huu anapokea Komunyo ya kwanza. Mama yake alikuwa amemwekea sauti hiyo aisikie siku hiyo.

Nikakumbuka. Kadi uliichomoa wewe ukaichomeka kwenye redio yako. Pasaka ile ile, katikati ya nyimbo za kwaya, ilitoka sauti ya mtu anayehema kwa shida akitaja majina. Ukasema, "Huyu babu anaita mahudhurio," ukairuka. Wenzako wakacheka, na mimi nikacheka.

Usithubutu kuniambia hukujua. Mtu akikuuzia simu nzuri kwa bei ya kutupa pale mwaloni mitumbwi inapoegesha, huku anageuka nyuma kila mara, unajua. Ulipoipeleka kwa fundi akaondoe nywila ya mwenyewe, ulijua. Ulitaka tu Mama akuone umekuwa mwanaume, na aibu ukanibebesha mimi.

Sasa panda gari uje, wewe mwenyewe, na kadi hiyo, na jina la aliyekuuzia. Polisi watakuhoji, na pengine utalala nilipolala mimi. Uje hivyo hivyo. Kadi usiongeze wimbo hata mmoja, usimwazime mtu. Na kama sauti umeshaifuta, usitume mtu kuniambia. Utakuja umwambie Mama Oresta usoni.

Nisalimie baba mdogo anayeshona nyavu, na shangazi mpika pombe, mwambie sijamsahau. Mama msomee barua hii yote, usimfiche kitu.

Jana Mama Oresta, niliyemweleza yote pale kituoni, alikuja kusaga ulezi, ameongozana na huyo binti. Mtoto akanisogelea, akaniamkia, akaniuliza kama ni kweli nilimsikia baba yake. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na mimi alinitaja?"

Kasiani, uliiruka kabla hajafika kwa wa mwisho.

Ni mimi dada yako,
Filomena